Kutoka ukingoni hadi kitovuni: siku nane za kulinganisha ukali wa tetemeko na rekodi za mitambo

Siku ya 1. Mezani, gari bado limeegeshwa

Kabla ya kwenda popote kuna karatasi mbili za kuandaa, na kazi nzima inategemea zisikutane mapema. Ya kwanza ni orodha ya vituo vya mitambo vilivyorekodi tetemeko: kituo kipo wapi, kimesimama juu ya udongo gani, mchapuko wa juu kabisa wa ardhi ulikuwa kiasi gani, na kasi ya juu kabisa ilikuwa kiasi gani. Mchapuko ni jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde. Kasi ni jinsi ardhi ilivyokwenda na kurudi upesi. Ya pili ni orodha ya miji na vijiji, na mbele ya kila jina kuna nafasi tupu ya daraja la ukali. Anayejaza ya pili haioni ya kwanza mpaka siku ya mwisho. Mkaguzi akishasikia kwamba kituo cha jirani kiliandika asilimia 20 ya g (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia), ufa wa miaka kumi ukutani huanza kuonekana wa juzi.

Ukubwa na ukali visichanganywe. Ukubwa wa tetemeko ni mmoja, nao unahusu nguvu iliyotoka kwenye mpasuko wa mwamba. Ukali ni wa mahali: tetemeko lile lile huwa VIII mjini na III ng'ambo ya milima. Mwaka 1883 Rossi na Forel walikuwa na skeli ya madaraja 10. Mercalli aliboresha yake mwaka 1902, na miaka miwili baadaye Cancani akaifikisha madaraja 12 na kuliwekea kila daraja kiwango cha mchapuko. Kwa hiyo hamu ya kugeuza daraja kuwa namba ya mtambo ina zaidi ya miaka 120. Wood na Neumann waliandika toleo la Marekani mwaka 1931, Ulaya ikapata yake ya EMS-98, na Japani tangu 1996 ikaacha kabisa macho ya watu ikategemea mitambo.

Kwenye begi: madodoso, kadi ya kupimia upana wa nyufa, futi ya mita 5, GPS, dira, kofia ngumu, kipima mtikisiko cha kubebeka chenye betri yake, na kadi ndogo ya vipimo iliyobandikwa ndani ya jalada la daftari. Kadi hiyo ina mistari miwili tu: g 1 ni sentimita 981 kwa sekunde kwa sekunde, yaani gali 981, asilimia 1 ya g ni gali 9.81. Inaonekana ya kitoto. Lakini anayesoma asilimia za g akidhani ni gali anakosea karibu mara kumi, na kwenye milinganyo ya siku zijazo kosa hilo ni madaraja matatu na nusu.

Njia ya safari inaanzia mbali na kuishia kitovuni. Wapo wanaokimbilia kitovuni kwanza kwa sababu vifusi vinasafishwa haraka, nao wana hoja. Penye watu wa kutosha, kikundi kimoja kitangulie huko kupiga picha tu, bila kutoa daraja. Jicho lililoanza na maghorofa yaliyolala chini halioni tena kikombe kilichodondoka.

Siku ya 2. Ukingoni, madaraja II hadi IV

Huku hakuna kilichovunjika, kwa hiyo kifaa ni mwanadamu. Maswali yanakuwa mafupi na hayamwongozi mtu. Usiulize "ulitikiswa sana?" Uliza alikuwa wapi, ghorofa ya ngapi, amekaa au amelala, akafanya nini. Jibu la "sikusikia kitu" linaandikwa kwa uzito ule ule wa jibu la aliyeruka kitandani. Hapo ndipo madodoso ya mtandaoni yanapopinda: asiyehisi chochote hana sababu ya kufungua ukurasa, kwa hiyo kijiji cha watu elfu kinawakilishwa na wale ishirini waliotikiswa.

Majibu ya walio juu ya ghorofa ya tano yanawekwa kando. Jengo refu hukuza mtikisiko, na kinachopimwa ni ardhi.

Utaratibu wa madodoso ya umma unaotumika Marekani huyageuza majibu kuwa namba bila mtu kukisia. Wastani wa kijiji unachukuliwa kwa kila swali, kisha: mara 5 waliohisi, ongeza nguvu ya mtikisiko kama walivyoieleza, ongeza hofu waliyoonyesha, ongeza mara 2 ugumu wa kusimama, mara 5 vitu vya rafuni, mara 2 picha za ukutani, mara 3 samani, na mara 5 uharibifu. Jumla hiyo inaitwa uzito wa jamii. Daraja ni 3.40 mara logi asilia ya uzito huo, toa 4.38.

Tuseme kijiji cha ukingoni kina wastani wa 0.8 kwa waliohisi, 2 kwa mtikisiko, 1 kwa hofu, na sifuri kwa mengine yote. Uzito ni 4 + 2 + 1 = 7, na daraja linatoka 2.2. Linaandikwa II. Namba baada ya nukta ni ya hesabu, si ya kijiji.

Katika madaraja haya ya chini, mchapuko unafuatana na watu vizuri kuliko kasi, kwa sababu mwili huhisi mtetemo wa haraka haraka. Kwa mlinganyo wa mtafiti Worden na wenzake wa 2012, mchapuko ukiwa chini ya gali 37 hivi, daraja ni 1.78 mara logi (sasa ya msingi wa 10) ya mchapuko kwa gali, ongeza 1.55. Ukizidisha mchapuko mara mbili, daraja linapanda nusu tu. Kumbuka nusu hiyo.

Siku ya 3. Picha zinapinda, sahani zinalia: V na VI

Mstari unavunjika leo. Juu ya gali 37 mlinganyo unakuwa 3.70 mara logi ya mchapuko, toa 1.60, na sasa kuzidisha mchapuko mara mbili kunapandisha daraja zima na zaidi kidogo. Ardhi haikubadili tabia. Kilichobadilika ni mashahidi: nyuma walikuwa watu, mbele ni lipu, rafu na kuta. Mtu huzoea mtikisiko unaoongezeka na huueleza kwa maneno yale yale, "ilikuwa kali". Ukuta hauna maneno. Hadi kiwango fulani umesimama mzima, ukivuka kidogo umepasuka.

Gali 100, ambazo ni zaidi kidogo ya asilimia 10 ya g, zinatoa 5.8. Kwa kasi mlinganyo ni 3.16 mara logi ya kasi, ongeza 2.89, ukianzia sentimita 3.4 kwa sekunde; sentimita 10 kwa sekunde zinatoa 6.05. Katika ukanda huu njia mbili zinakubaliana, na anayeishia hapa anarudi nyumbani akidhani kazi ni rahisi.

Maelezo ya EMS-98 kwa daraja la V: walio ndani wengi sana wanahisi, walio nje wachache, wengi waliolala wanaamka, vyombo vinagongana, vitu vinavyoning'inia vinabembea sana. VI: wengi wanatishika na kukimbilia nje, vitu vidogo vinaweza kudondoka, na nyumba nyingi dhaifu zinapata nyufa nyembamba. Maneno "wachache", "wengi" na "wengi sana" katika skeli hiyo si ya mapambo. Wachache ni hadi asilimia 10 au 20, wengi ni kuanzia hapo hadi 50 au 60, na wengi sana ni juu ya hapo. Mipaka imeachwa ipishane kwa makusudi, kwa sababu hakuna anayehesabu kijiji hadi asilimia moja.

Rafu za maduka ni ushahidi mzuri, lakini zina hila yake. Chupa kwenye rafu ya chuma iliyopakwa rangi laini huteleza mapema, na rafu isiyofungwa ukutani huyumba kwa mdundo wake yenyewe. Angalia pia uelekeo: rafu iliyopangwa sambamba na mtikisiko haimwagi kitu, iliyokaa kukingama nao imetupa kila kitu sakafuni. Duka moja si daraja. Daraja linatolewa kwa kijiji au mtaa mzima, kamwe si kwa jengo moja.

Siku ya 4. Kibanda cha mtambo

Leo hakuna mahojiano. Ni siku ya kufungua milango ya vituo na kuangalia namba za karatasi ya kwanza zilitoka wapi. Kazi hii inafanywa na mtu asiyehusika na karatasi ya pili.

Mlango wa kibanda ukifunguliwa, kitu cha kwanza kuguswa kwa kidole ni boliti. Mtambo wa mchapuko unatakiwa uwe umefungwa kwenye kitako cha zege kilichoshikana na ardhi. Boliti ikicheza, rekodi itakuwa na miiba: kilele kimoja chembamba cha sampuli moja au mbili, kirefu mara tatu kuliko vingine vyote, kinachotokana na chuma kugonga zege. Ardhi haikufanya hivyo. Kilele hicho kikiachwa, ndicho kitakachoingia kwenye jedwali kama "mchapuko wa juu kabisa".

Kisha mazingira. Je, kibanda kimeegemea ghorofa? Mti mkubwa uko umbali gani? Mtambo uliowekwa ghorofa ya tatu ya ofisi hupima ofisi. Rekodi yake ina kazi nyingine, lakini kwa ukali wa ardhi inafutwa. Dira inawekwa juu ya mtambo kuhakikisha mshale wa kaskazini unaelekea kaskazini, na saa ya mtambo inalinganishwa na ya GPS.

Rekodi yenyewe, kwa kawaida sampuli 100 au 200 kwa sekunde, inapita hatua hizi. Wastani wa sehemu iliyotangulia tetemeko unatolewa kwenye rekodi nzima. Sifuri zinaongezwa mwanzo na mwisho. Kichujio kinaondoa mawimbi marefu mno ambayo mtambo hauwezi kuyatofautisha na kelele. Baada ya hapo mchapuko unajumlishwa kwa muda ili kupata kasi, na mchoro wa kasi unatazamwa mwisho wake: ukirudi sifuri, sawa, ukiendelea kupanda kama mlima, rudi mwanzo.

Hatua hiyo ya kwanza ndogo inastahili hesabu. Mstari wa msingi ukikaa juu kwa gali 1 tu, kosa ambalo macho hayalioni kwenye mchoro wa mchapuko, ukilijumlisha kwa sekunde 60 linazaa kasi ya bandia ya sentimita 60 kwa sekunde. Kwa mlinganyo wa jana hiyo ni daraja la 8.5. Kijiji ambacho hakikupoteza hata kigae kinaingia ramani kikiwa rangi nyekundu.

Kichujio nacho si cha kukaza kupita kiasi. Ukikata mawimbi yote yaliyo marefu kuliko sekunde 2 kwa sababu yanaleta usumbufu, umekata kile kitakachohitajika siku ya 6.

La mwisho hapa ni uelekeo upi unaoandikwa. Mtambo una pande tatu: mbili za mlalo na moja ya wima. Milinganyo iliyotajwa ilijengwa kwa ule mkubwa kati ya miwili ya mlalo. Anayeunganisha miwili hiyo kuwa mshale mmoja anaweza kupata namba kubwa hadi mara 1.41, na hilo ni nusu daraja juu. Wa wima hauingii kabisa. Huko Christchurch, New Zealand, Februari 2011, kituo cha Heathcote Valley kiliandika mchapuko wa wima wa zaidi ya g 2. Namba hiyo ina maana yake, lakini ukiipitisha kwenye mlinganyo wa mlalo utapata upuuzi.

Siku ya 5. Mlango kwa mlango: VII na VIII

Hapa watu hawasaidii tena sana. Kuanzia VII wengi sana wametoka mbio, na walioko kwenye VIII wanasimulia yale yale. Ushahidi unahamia kwenye majengo, na majengo yanahesabiwa kwa vitu viwili: kundi la udhaifu na ngazi ya uharibifu.

Kundi A ni nyumba za tofali mbichi na za mawe ya shambani yasiyochongwa. Kundi B ni mawe au tofali zilizotengenezwa, bila nondo. Fremu ya zege yenye nondo isiyosanifiwa kwa matetemeko kwa kawaida huwa C, na iliyosanifiwa kwa kiasi huwa D. Makundi yanaendelea hadi F. Ngazi za uharibifu ni 5: 1 ni nyufa nyembamba kama unywele na lipu kidogo kudondoka, 2 ni nyufa kwenye kuta nyingi na lipu kubwa chini, 3 ni nyufa pana kwenye kuta nyingi sana, vigae vimetoka, 4 ni kuta kuanguka na sehemu ya paa au sakafu kushindwa, 5 ni kuporomoka, au karibu na hapo.

Namna ya kutembea: chagua mtaa, anza nyumba ya kwanza, usiruke. Nyumba nzima inaandikwa kwa mkono ule ule unaoandika iliyobomoka. Tuseme mtaa una nyumba 40 za tofali mbichi; 16 ziko ngazi ya 3, 4 ziko ngazi ya 4, zilizobaki chini ya hapo. Kumi na sita kati ya 40 ni asilimia 40, yaani "nyingi". Nne ni asilimia 10, yaani "chache". Nyingi za A ngazi ya 3 na chache ngazi ya 4 ndiyo VII. Kabla ya kuandika, tazama kundi jingine mtaani hapo: nyumba za B ziwe nyingi ngazi ya 2 na chache ngazi ya 3. Zikikubaliana, daraja limesimama. Zikipingana, mara nyingi kosa liko kwenye kundi, si kwenye uharibifu: lipu nzuri ya saruji imeficha tofali mbichi, na nyumba imepewa B ikiwa A. Kona moja iliyobanduka inatosha kuonyesha kilicho ndani.

Ufa wa zamani una vumbi, rangi au utando wa buibui ndani yake, na kingo zake zimeshalainika. Mpya una kingo kali na unga mweupe chini ukutani. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha una habari ya tetemeko. Ufa wa wima katikati ya ukuta mrefu, mpana juu kuliko chini, mara nyingi ni msingi uliozama zamani. Halafu kuna mitetemo ya baadaye. Nyumba iliyopasuka siku ya tetemeko kuu na kuanguka siku ya tatu inataka kuandikwa kwa hali yake ya kwanza, kwa hiyo muulize mwenye nyumba picha za simu, zina tarehe.

Makaburi na nguzo fupi za mawe ni mitambo ya bure. Jiwe lililosimama lenye upana wa sentimita 30 na kimo cha 90 haliwezi kuanza kunyanyuka mpaka mchapuko ufike 30 gawanya kwa 90, yaani theluthi moja ya g. Wahandisi wa zamani waliishia hapo. Kunyanyuka si kuanguka. Ili jiwe lilale chini, ardhi lazima iwe pia na kasi ya karibu mara 10 ya upana gawanya kwa kipeuo cha pili cha kimo, vyote kwa sentimita: mara 10 ya 30, gawanya kwa 9.5, ambayo ni sentimita 32 kwa sekunde. Jiwe kubwa lenye umbo lile lile hunyanyuka kwa mchapuko ule ule lakini linahitaji kasi kubwa zaidi ili lianguke. Mawe mawili, moja chini moja juu, yanakubana kasi kati ya namba mbili.

Ndiyo maana kuanzia VII kwenda juu karatasi ya kwanza inasomwa upande wa kasi. Uharibifu unafuata nguvu inayoingia jengoni, na kasi inaieleza vizuri kuliko kilele cha mchapuko kinachodumu sehemu ya sekunde.

Siku ya 6. Bonde la mfinyanzi

Ukisafiri kilomita tano tu kutoka mwambani kuingia bondeni, daraja linaweza kuruka hatua mbili. Hii ndiyo siku ndefu kuliko zote.

Udongo laini juu ya mwamba una mdundo wake. Kipindi chake, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, ni mara 4 ya unene wake gawanya kwa kasi ya mawimbi ya mkato (yanayotikisa ardhi kwa upande) ndani yake. Mita 30 za mfinyanzi unaopitisha mawimbi kwa mita 120 kwa sekunde zina kipindi cha sekunde 1. Jengo la ghorofa kumi lina kipindi cha karibu sekunde 1 vilevile; nyumba ya chini ina sehemu ya kumi ya hapo. Ardhi na jengo vikidundika pamoja, jengo linabembezwa kama mtoto kwenye pembea anayesukumwa kila anaporudi.

Mfano uliofundisha dunia ni Mexico City, 19 Septemba 1985. Kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 350 mbali. Kwenye ardhi ngumu ya mji mchapuko ulikuwa asilimia 3 hadi 4 ya g. Kwenye kituo cha SCT, juu ya mfinyanzi wa ziwa la kale, ulifika gali 168, kipindi cha sekunde 2. Pitisha gali 168 kwenye mlinganyo wa mchapuko: 6.6. Kwa namba hiyo ungetarajia lipu na nyufa. Kasi ya kituo hicho hicho ilikuwa karibu sentimita 60 kwa sekunde, na mlinganyo wa kasi unasema 8.5. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15 ndiyo yaliyoumia zaidi, nyumba nyingi fupi zikabaki zimesimama kando yake.

Geuza sarafu. Machi 2011, tetemeko la Tohoku huko Japani, kituo cha Tsukidate kiliandika gali 2,700 upande wa kaskazini na kusini. Mlinganyo wa mchapuko unatoa daraja la 11, ambalo halina maana yoyote. Karibu na kituo hakukuwa na majengo yaliyobomolewa kwa kiwango hicho, kwa sababu mtikisiko ulikuwa wa haraka mno, robo ya sekunde hivi, na nyumba haikupata muda wa kuufuata. Kituo cha Tarzana, California, kwenye tetemeko la Northridge la 1994, ilikuwa hivyo hivyo: karibu g 1.8 juu ya kilima kidogo, na mtaa unaozunguka haukufanana na namba hiyo.

Japani ilijaribu kulitatua hili ndani ya mtambo. Rekodi za pande tatu zinachujwa ili mawimbi ya haraka mno na ya polepole mno yapunguzwe, zinaunganishwa, kisha hautafutwi mchapuko wa juu kabisa bali ule uliozidiwa kwa jumla ya sekunde 0.3. Ukali ni 2 mara logi ya mchapuko huo kwa gali, ongeza 0.94. Sekunde 0.3 zinafuta miiba ya boliti na vilele vya peke yake. Hata hivyo Tsukidate ilitoka 6.6, ikaingia daraja la 7 lililo la juu kabisa Japani. Kichujio kinapunguza tatizo, hakilimalizi. Na tafadhali, 7 ya Japani si VII ya Mercalli. Skeli hiyo ina hatua 10, kuanzia 0, na 5 na 6 kila moja imegawanywa chini na juu.

Kazi ya bondeni ni kujua mdundo wa udongo. Kipima mtikisiko cha kubebeka kinawekwa chini, kinasawazishwa kwa kiputo, kinazikwa nusu ili upepo usikiguse, kinaachwa dakika 30 kikisikiliza mtetemo wa kawaida wa ardhi. Mtetemo wa mlalo unagawanywa kwa wa wima kwa kila kipindi. Penye kilele ndipo ulipo mdundo wa udongo. Makosa ya kawaida: kukiweka juu ya lami nene inayofunika udongo laini, juu ya mfereji wa maji, au mahali watu wanapopita. Kilele chembamba kama sindano ni mashine inayozunguka jirani, si udongo. Rudia mahali pengine mita 100 mbali.

Kathmandu 2015 inafunga siku. Mchapuko ulikuwa asilimia 16 ya g tu, lakini mawimbi ya bonde yalikuwa na kipindi cha sekunde 4 hadi 5 na kasi iliyofika karibu mita 1 kwa sekunde. Hapo hata kasi ilidanganya kwa nyumba za chini, ambazo ni fupi mno kuitikia mdundo wa sekunde tano; uharibifu wao ulikuwa mdogo kuliko kasi ilivyodai. Kwa hiyo karatasi ya bondeni inaandikwa safu ya tatu: kipindi.

Siku ya 7. Kitovuni

IX na kuendelea, skeli inaanza kuishiwa. Nyumba za A zote zimelala. Haziwezi kusema kama ilikuwa IX au XI, kwa sababu hakuna ngazi ya 6. Unatafuta majengo ya C na D, na ikiwa mji hauna, unaandika "IX au zaidi" bila aibu. XI na XII zimo kwenye maandishi, lakini kwa kutikisika peke yake karibu hakuna mahali panapozitofautisha.

Maporomoko, mipasuko ya ardhi na mchanga uliogeuka uji vinavuta macho sana hapa. Visipandishe daraja. Mteremko uliolowa huanguka kwa mtikisiko mdogo, na mchanga wenye maji huchemka kabla ya nyumba kupasuka. Vina skeli yao, ESI ya 2007, na vinaandikwa kwenye daftari lake.

Karibu na mpasuko kuna pigo moja pana la kasi, sekunde 1 au 2, pale mpasuko unapokimbia kuelekea mji. Kobe 1995 ililipata: gali 818 na karibu sentimita 90 kwa sekunde. Mchapuko unatoa 9.2, kasi 9.1. Zinapokubaliana namna hii, ziamini.

Siku ya 8. Karatasi mbili zinakutana

Kila mji unaunganishwa na kituo kilicho karibu, na ukaribu ni wa udongo kwanza, kilomita baadaye. Kituo cha mwambani kilomita 1 kutoka mji wa bondeni hakifai. Cha kilomita 3 juu ya mfinyanzi ule ule kinafaa.

Ukichora nukta, usilazimishe mstari wa kutabiri daraja kutoka mchapuko kisha uugeuze kutabiri mchapuko kutoka daraja. Mistari hiyo miwili si mmoja, kwa sababu kila mmoja unadhani makosa yako upande wa pili. Tumia mstari unaogawa makosa pande zote mbili. Na kamwe usiingize madaraja yaliyosomwa kwenye ramani ya mtikisiko ya mtandaoni: ramani hiyo ilipata madaraja kutoka michapuko hiyo hiyo. Nukta zitakaa mstarini kama askari kwenye gwaride, na hutakuwa umepima chochote.

Nukta halisi zinatawanyika. Kwa milinganyo ya 2012 mtawanyiko wa kawaida ni daraja 0.73 kwa mchapuko na 0.65 kwa kasi. Ukigeuza 0.73 kwa mteremko wa 3.70, ni sawa na kuzidisha au kugawanya mchapuko kwa 1.6 hivi. Aliyepata VII kwenye mtaa wake na kuandika kwenye ripoti kwamba "ardhi ilikwenda kwa asilimia 21.5 ya g" ameandika tarakimu tatu asizokuwa nazo.

Inabaki nukta ya bondeni, daraja moja na nusu juu ya mstari wa mchapuko. Rekodi imekaguliwa, boliti imeshikika, nyumba zimehesabiwa upya na kundi limethibitishwa kwenye kona zilizobanduka. Haifutwi. Inachorewa duara, pembeni inaandikwa "mfinyanzi, sekunde 1", na mstari unapita chini yake.